Ukipewa gari la kusambazia bidhaa, lijue kabla hujaliamini

Mdogo wangu unayeanza kazi ya kusambaza bidhaa mjini, njia, wateja na karatasi za mzigo utafundishwa ndani ya wiki moja. Ambacho hakuna atakayekaa chini akufundishe ni gari lenyewe: lina nini cha kukulinda, kinafanyaje kazi, na bado ni kizima au kimeshakufa. Nimeifanya kazi hii Dar es Salaam kwa miaka mingi, kwanza nikiwa dereva na sasa nikiwa msimamizi wa magari. Ninayoandika hapa ndiyo ninayomweleza kila dereva mpya kabla sijamkabidhi funguo.

Anza na mwaka wa gari. HiAce ya umbo hili tunaloliona kila kona ilianza kuuzwa Japani mwaka 2004, na kwa nje imebadilika kidogo sana. Mabadiliko makubwa yako ndani. Mwishoni mwa 2017 Toyota iliziongezea HiAce za soko la Japani mfumo wa kulituliza gari linapoanza kuteleza, pamoja na kamera na rada zinazotazama mbele na kukamata breki zenyewe dereva akichelewa. Kwa hiyo HiAce mbili nyeupe zinazopakia pamoja Kariakoo, moja ya 2012 na nyingine ya 2018, huwezi kuzitofautisha kwa mbali, lakini moja inaweza kujaribu kukuokoa na nyingine inasubiri mguu wako tu. Hatari ipo kwa dereva anayebadilishiwa magari. Leo kazoea gari linalopiga kelele likikaribia kugonga, kesho anapewa lisilo na mlio wowote, na masikio yake bado yanasubiri mlio.

Ukitaka kujua kwa nini magari mapya ya biashara yamejaa vitu hivi, sheria ndizo zilizosukuma. Kule Ulaya, mfumo wa kuzuia kuteleza ni lazima kwa kila gari jipya, magari ya mizigo yakiwamo, tangu Novemba 2014, na tangu Julai 2024 gari jipya dogo la mizigo haliuzwi bila breki za kujikamata zenyewe na kifaa cha kumwonya dereva aliyechoka. Sisi mengi tunayoendesha yametumika Japani kwanza, kwa hiyo ulichopata kinategemea mwaka wake na daraja alilochagua mnunuzi wa kwanza. Soma alama za kwenye dashibodi. Maandishi ya Kijapani yasikutishe, maana alama za picha ni zilezile dunia nzima. Na kile kisanduku kinachokusalimia kwa Kijapani ukiwasha gari ni cha kulipia ushuru wa barabara za kwao, hakina kazi yoyote ya usalama huku.

Jambo la kwanza la kujifunza kwa mguu ni ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu. Madereva waliotufundisha walikuwa wakipampu breki, na kwa magari yao walikuwa sahihi. Ukiwa na ABS, kanyaga kwa nguvu moja na uendelee kukanyaga. Pedali itatetemeka chini ya mguu wako na utasikia kama kitu kinagonga. Huo ndio mfumo ukifanya kazi, usiogope ukaachia. Faida yake kubwa ni kwamba usukani unaendelea kukutii huku umekanyaga breki mpaka mwisho, kwa hiyo unaweza kumkwepa mtu. Tafuta uwanja mtupu wenye changarawe, nenda mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ukanyage mara moja uusikie huo mtetemo. Dereva aliyeusikia siku ya amani haachii siku ya hatari.

Mfumo wa kuzuia kuteleza wenyewe huukanyagii chochote. Unagundua kwamba gari linakwenda upande mmoja na usukani unataka upande mwingine, kisha unabana breki ya gurudumu moja moja kulirudisha. Unasaidia sana kwenye lami yenye mchanga na mvua ya kwanza. Hauwezi kuzuia gari lililopakiwa vibaya lisipinduke. Ukiweka katoni za maji juu na biskuti chini kwa sababu mteja wa maji ndiye wa kwanza, uzito umeupandisha juu na hakuna kompyuta itakayoushusha.

Kuhusu kamera na rada, nikuombe uvilinde kama macho yako mwenyewe. Kamera hukaa juu ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, na kwenye HiAce rada iko mbele, nyuma ya nembo. Nimeona magari mazuri yakipofushwa kwa mambo madogo: stika imebandikwa mbele ya kamera, kioo kimewekewa tinti, ngao ya chuma imefungwa mbele ya rada. Kioo cha mbele kikipasuka na kubadilishwa, kamera inatakiwa ipangwe upya kwa mashine na fundi anayejua. Ikikaa imepinda kidogo tu, itaangalia mahali ambapo gari haliendi. Ukiletewa gari lenye kioo kipya, muulize msimamizi wako kama hilo limefanyika, na usikubali jibu la “nadhani”.

Halafu ujue mipaka yake. Kifaa cha kukuonya ukitoka kwenye njia kinasoma mistari iliyochorwa barabarani. Pasipo na mistari hakina la kusoma, na wewe unajua barabara ngapi za Mbagala au Goba zina mistari. Bodaboda inayochomoka ubavuni, bajaji inayogeuza ghafla, mtu anayevuta mkokoteni usiku bila taa: hao ni kazi ya macho yako. Mimi naichukulia breki ya kujikamata kuwa msaada wa mara moja maishani. Ikifanya kazi kwako kila wiki, tatizo ni nafasi unayoacha mbele.

Na nafasi hiyo kwenye HiAce ya 2004 na kuendelea ina sababu ya pekee. Injini iko chini ya siti, wewe umekaa juu ya magurudumu ya mbele, na kati ya magoti yako na lori lililo mbele kuna bati fupi sana. HiAce mpya yenye pua, iliyozinduliwa Manila Februari 2019, imesogeza injini mbele ya dereva, na hapo ndipo palipatikana chuma cha kukunjika badala ya miguu. Lakini ya zamani bado ndiyo nyingi. Ukiwa kilomita 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde. Acha sekunde tatu mbele yako, yaani kama mita 66. Watakuingilia, ndiyo. Rudi nyuma, uiache tena.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipigania kuliko yote, nalo ni ukuta kati ya dereva na mzigo. Magari mengi yanafika yakiwa hayana chochote nyuma ya siti. Chukua katoni moja ya sabuni yenye kilo 20, gari likiwa kilomita 50 kwa saa, ligonge kitu na lisimame ndani ya nusu mita. Katoni ile itasukuma mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 400. Una katoni ngapi nyuma yako? Mkanda wako unakuzuia wewe usiende mbele. Hauzuii sabuni isikufuate. Ukuta wa chuma au wa nondo zilizochomewa kwenye fremu, siyo kwenye bati jepesi la ubavuni, unatengenezwa na mafundi wetu hapahapa. Acheni dirisha la wavu ili kioo cha ndani kiendelee kuona nyuma. Kisha mzigo ufungwe kwa mikanda yenye kikazio kwenye ndoano za sakafuni, mizito chini na ikiegemea ukuta ule, bila kuacha pengo la kuifanya ipate mbio kabla ya kugonga.

Bosi akikuuliza gari lifungwe nini kwanza, jibu langu halijawahi kubadilika: tairi sahihi, mikanda mizima kwa dereva na utingo, ukuta wa mzigo, kisha kamera ya nyuma. Skrini kubwa ya muziki ije baadaye kama fedha imebaki. Kamera ya nyuma naiweka juu kwa sababu gari la mizigo lisilo na vioo nyuma halioni mtoto aliyechuchumaa, na sisi tunarudi nyuma vichochoroni mchana kutwa. Hata ukiwa nayo, utingo ashuke asimame upande wa dereva, mahali unapomwona kwenye kioo. Usipomwona, simama.

Kwenye tairi watu wanatazama kina cha kashata, yaani yale meno yanayokanyaga barabara, na kusahau namba. HiAce ya mizigo hutumia tairi za kubeba uzito, nyingi zikiwa na maandishi 195/80R15 na namba 107/105. Namba 107 maana yake tairi moja inahimili kilo 975. Tairi ya gari dogo yenye namba 91 inahimili kilo 615. Zote mbili zinaweza kuingia kwenye rimu ya inchi 15 na kwa mbali zikaonekana sawa, tena ya pili ni rahisi zaidi, ndiyo maana utazikuta chini ya gari lililobeba tani moja. Angalia pia tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa juani dukani miaka mingi inaweza kuwa na kashata zote na bado ikapasuka Chalinze saa saba mchana. Upepo wake umeandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Mara nyingi kuna kiasi cha gari tupu na kiasi cha gari lenye mzigo.

Mifuko ya hewa ina kipimo rahisi. Ukifungua swichi, taa ya SRS iwake sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, shtuka zaidi, maana kuna mafundi wanaoiondoa taa ili mnunuzi asione. Usifunge kishikio cha simu juu ya mfuniko wa mfuko, na kifua chako kikae walau sentimita 25 kutoka kwenye usukani. Vile vichuma vinavyouzwa kuchomeka kwenye mkanda ili kelele inyamaze, ukivikuta kwenye gari langu vitoe uvitupe. Mfuko wa hewa umeundwa kumpokea mtu aliyefunga mkanda.

Nimeacha starehe mwisho, lakini usidhani ni anasa. Wenye magari wengi wanaona siti nzuri na kiyoyozi ni kumdekeza dereva. Wakae wao juu ya injini ya dizeli Februari, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, joto likipanda miguuni. Mwili uliochemka unasinzia, na kilomita 80 kwa saa kwa sekunde tatu za usingizi ni zile mita 66 ulizoziacha. Kiyoyozi kinachofanya kazi kinakuruhusu kufunga vioo, vumbi na kelele vikabaki nje. Zulia nene la kuzuia joto chini ya siti, raba za mfuniko wa injini zisizochanika, na sponji mpya ya siti ni gharama ndogo kwa kampuni na ni mgongo wako wa miaka ishirini ijayo.

Raba za mlango wa nyuma nazo ziwe nzima. Eksosi ikitoboka na mlango wa nyuma usipofunga vizuri, moshi unavutwa ndani, na ndani yake kuna gesi isiyo na harufu inayoua. Maumivu ya kichwa yanayokupata kila ukiendesha gari fulani na kuisha ukishuka, usiyamezee dawa. Peleka gari gereji. Kwa sababu hiyohiyo usilale ndani ya gari injini ikinguruma, hata kwa dakika kumi ukisubiri kupakua.

Panga siti kila unapopokea gari kwa mwenzako. Magoti yabaki yamekunjika kidogo ukikanyaga klachi mpaka mwisho, mgongo uguse siti yote, vioo vya pembeni vioneshe ubavu kidogo na barabara zaidi. Na kazi hii ina kupanda na kushuka mara nyingi kuliko kuendesha. Usiruke kutoka juu. Shika mpini, kanyaga ngazi, shuka ukiangalia gari. Magoti ya wenzangu wengi yaliishia kwenye kuruka, wala si kwenye kubeba.

Kufuli linalofunga milango yote kwa kitufe kimoja ni kitu kingine ninachokipenda. Kariakoo mlango wa pembeni ukiwa wazi huku uko kwa mteja, mzigo unapungua na mtu anaweza kuingia upande wako. Kitufe kikifa, usianze kuzoea kuacha wazi kwa sababu una haraka.

Kila unachokiona kibovu, kiandike kwenye daftari la gari: tarehe, kilomita, tatizo, jina lako. Mpe msimamizi asaini mbele yako. Taa ya ABS au SRS ikiwaka, breki ikivuta upande mmoja, mkanda usiporudi, sema kabla gari halijapakiwa, maana likishapakiwa kila mtu atakuambia umalizie kwanza ndipo urudi. Kwangu mimi, dereva akileta daftari lenye moja ya hayo asubuhi, mzigo wake unahamia gari jingine na la kwake linabaki uani mpaka fundi aandike alichofanya.