Milioni 18, mwalimu wa Morogoro: jipya la dukani, la Japani au la shemeji?

Mleta mada, nirudie swali lako kidogo ili waliochelewa wasihangaike kupanda juu. Wewe ni mwalimu, uko Morogoro, una milioni 18 benki. Benki hiyohiyo imekuambia iko tayari kukukopesha kupitia mshahara ukachukue gari dogo jipya la dukani. Na shemeji yako anauza Toyota Raum yake namba C (herufi za usajili zinaanzia C) kwa milioni 7. Uchukue lipi?

Wengi wamekuandikia "agiza Japani mkuu" wakaishia hapo. Mimi pia ningekushauri uagize, ila si kwa ile hoja ya kwamba gari la Japani "halijaguswa". Limeguswa sana tu, mtu alikuwa analiendea kazini kila siku. Nimewahi kuwa na la mkononi, hili ninalotembelea sasa niliagiza mwaka 2021, na kazini nilishakabidhiwa pikapu jipya kabisa, viti bado vina nailoni. Naongelea hayo matatu, mengine wataongezea wajuzi.

Nianze na jipya maana ndilo linalokutekenya.

Raha yake ipo, tusidanganyane. Miaka ya mwanzo sikujua bei ya bush wala boli joint. Kitu kikigoma unapiga simu, kama kimo kwenye waranti kinabadilishwa. Tatizo ni kwamba waranti ina masharti, na masharti yana gharama zake. Sevisi ilitakiwa ifanyike kwa wakala aliyeidhinishwa, kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu, na kitabu kigongwe muhuri. Sisi tulikuwa Sumbawanga, wakala yuko Mbeya. Kwa hiyo gari linafunga safari kwenda kubadilishwa oili: mafuta ya kwenda na kurudi, posho ya dereva, gesti usiku mmoja. Ofisi ilikuwa inalipa. Wewe utamwandikia nani dokezo la safari? Na ukimwita fundi wa mtaani akafungua kitu, siku ukienda kudai waranti utaanza kusikia maneno.

Halafu kuna kuuza. Lile pikapu lilipotangazwa kwa zabuni, aliyelichukua ni mfanyabiashara wa mahindi, kwa bei iliyonifanya nimuulize mhasibu kama hajaruka tarakimu. Hajaruka. Ofisi ilishakula faida yake kwa kazi, kwa hiyo haikuumia. Ukikopa ukanunua jipya la kwendea shule na sokoni, unalipa riba kwa kitu kinachoshuka bei kila mwezi unaokatwa. Na gari la bei hiyo hutathubutu kulikatia bima ndogo ya 118,000, ile inayomlipa uliyemgonga tu. Utakata bima kubwa, ambayo mimi nilitozwa asilimia 3.5 ya thamani kabla ya VAT, tena kila mwaka.

Jipya linamfaa mtu ambaye gari likilala njiani siku moja anapoteza mkataba, au anayelipiwa. Nje ya hao wawili sijaona.

Sasa Japani. Huku kinachowaumiza watu ni mwaka wa gari.

TRA (Mamlaka ya Mapato) haihesabu kodi kwa risiti yako ya ununuzi. Wana mfumo wao wa thamani za magari yaliyotumika, uko mtandaoni, bure. Unaingiza aina, modeli, mwaka wa kutengenezwa, nchi lilikotoka na ukubwa wa injini, wanakutolea thamani yao na kodi yote. Fungua huo kwanza kabla hujafungua tovuti ya muuzaji yeyote. Viwango nilivyokutana navyo mimi ni hivi: ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi cc 1000 hakuna, 1001 hadi 2000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo 10. VAT asilimia 18. Na ile inayouma, ya uchakavu: gari la kutembelea la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, likivuka 10 linaongezewa 30. Tozo ya reli na ya uchakataji forodha zipo, ni ndogo.

Ubaya ni kwamba kodi moja inahesabiwa juu ya nyingine. Chukua gari la cc 1300 ambalo TRA wanalithamini milioni 10, limevuka miaka 10. Forodha 2,500,000. Sasa wanahesabu kutoka 12,500,000: ushuru wa bidhaa 625,000, uchakavu 3,750,000. Hapo umefika 16,875,000, na VAT inatozwa kwa hiyo yote, 3,037,500. Jumla ya kodi 9,912,500, bado zile tozo ndogo. Umenunua gari mara mbili. Gari hilohilo, thamani ileile, lingekuwa chini ya miaka 8, kodi ingekuwa 5,487,500.

Najua utaniambia la chini ya miaka 8 haliwezi kuwa na thamani sawa na la miaka 11. Kweli kabisa. Ndiyo maana nakuambia fanya hesabu kwa kila mwaka wa modeli unayoitaka, kuanzia wa zamani kuja wa karibuni, uandike jumla ya bei ya kufika Dar na kodi. Utaona kuna mahali gari la mwaka mpya zaidi linalizidi la zamani kwa hela kidogo sana. Hapo ndipo pa kununua. Kuna jamaa wanashangilia bei ya Toyota IST ya miaka ya 2000 kwenye tovuti, wanalipa, kisha wanakuja humu kuuliza kwa nini kodi imezidi gari.

Mambo mawili ya kuangalia hapo. Tovuti nyingi zinaonyesha mwaka wa usajili Japani, na mfumo wa TRA unauliza mwaka wa kutengenezwa. Gari linaweza kutengenezwa Novemba likasajiliwa Februari, na huo mwaka mmoja ukakuhamisha kundi. Lingine ni injini: Toyota Passo na Vitz zenye injini ya 1KR ni cc 996. Hizo cc 4 zinakuondolea ushuru wa bidhaa wote wa injini.

(Wenzetu Kenya hawana huu mjadala, likizidi miaka 8 haliingii. Uganda waliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Sisi mlango umeachwa wazi, ila kuna mtu wa kodi amekaa hapo.)

Kuhusu hali ya gari lenyewe, dai karatasi ya mnada. Magari mengi wanayotuuzia wamenunua kwenye minada ya Japani, na mkaguzi wa mnada ameshaliwekea kila gari alama na kuchora kila mkwaruzo. 4 au 4.5 ni gari zuri. 3.5 lina makovu ila linanunulika kama bei inaendana. R au RA maana yake liliwahi kugongwa likarekebishwa sehemu za fremu, na hapo muuzaji akikuambia "gari safi" basi ni safi kwa kuoshwa. Muuzaji anayesema karatasi ya mnada hana, mimi namuaga. Halafu omba picha za chini ya gari. Kaskazini mwa Japani, Hokkaido na Tohoku, wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi inakula chesesi. Juu linang'aa, chini limekuwa kahawia.

Malipo yaende kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni, iliyoko Japani, sawasawa na ilivyoandikwa kwenye ankara. Akaunti ya "wakala wetu wa Dar" yenye jina la mtu binafsi, hapana, hata akiwa mcha Mungu kiasi gani.

Likifika utakutana na vituko vidogo. Redio za zamani za kule zinaishia 90 FM, kwa hiyo stesheni nyingi hutazipata mpaka uwekewe kifaa. Na fundi akitoa betri, skrini inaweza kukuandikia Kijapani ikidai kadi ya ramani, na hapo muziki umekwisha. Si ugonjwa wa gari, usilizwe hela nyingi.

Nije kwenye la mkononi, na hapa nitakaa kidogo maana kuna shemeji ndani yake.

Gari la mkononi zuri lipo. Faida yake ni kwamba kodi alishalipa mwingine, unaliona, unaligusa, unaliwasha asubuhi injini ikiwa baridi. Hasara ni kwamba historia yake unasimuliwa na mtu anayetaka hela yako.

Mwaka jana jirani yangu aliniomba nimsindikize yadi moja Kinondoni, kuna Premio namba D ameipenda. Rangi imepigwa upya, viti vimevalishwa, dashibodi inasoma kilomita 76,000. Dalali anaongea hapumui. Nikafungua mlango wa dereva, kwenye nguzo ya mlango chini kuna kistika kidogo kimefifia, cha gereji ya Kijapani, cha kubadilisha oili. Wengi wanavipita kwa sababu ya maandishi, lakini namba zinasomeka. Kimeandikwa 29, kisha 6, na pembeni 98,400. Hiyo 29 ni mwaka wa Heisei (Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme wao), unajumlisha 1988 unapata 2017. Kwa maana hiyo Juni 2017, ikiwa bado Japani, gari lilishatembea kilomita elfu 98 na mia 4, halafu limekuja Tanzania, likatembea Dar miaka yote hiyo, likafika 76,000. Nikamwonyesha dalali. Akasema labda kistika ni cha gari lingine. (Vistika vya kuanzia katikati ya 2019 ni vya enzi inayofuata, Reiwa, hapo unajumlisha 2018.)

Kama kistika kimebanduliwa, tazama pedali ya breki. Raba iliyolika mpaka upande mmoja unang'aa haiendani na kilomita elfu 70. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho kabisa: ukiona mstari wa tope au ukungu kwenye sehemu ambayo huwa imejikunja ndani, hilo gari limeshaoga mafuriko, na Dar tunajua mvua zikikolea Jangwani panakuwaje. Inua zulia la buti, tazama shimo la tairi la spea. Angalia boliti za bonneti na za madigadi ya mbele kama zina alama za spana. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta utando mweupe kama maziwa, maji yanaweza kuwa yanaingia kwenye injini, funga uende zako. Kisha pima kwa kompyuta, na angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari. Road license ya kila mwaka ilifutwa 2017, lakini faini zinabaki kwenye gari mpaka mtu azilipe.

Kama ni gari lenye gia za CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia), hasa Nissan, uliza gia boksi iliwekewa oili gani na nani. Zinataka oili yake maalumu, na kuna mafundi wanamimina ATF, oili ya otomatiki ya kawaida ya kopo. Haliharibiki siku hiyo. Linasubiri lifike kwako.

Sasa shemeji. Yote niliyoorodhesha hapo juu huwezi kuyafanya kwenye gari la shemeji. Utamletea fundi aingie uvunguni mbele ya dada yako? Utavuta mikanda ukitafuta tope? Utakata bei? Na likizima Chalinze mwezi wa pili baada ya kulinunua, utapiga simu ya namna gani? Namba C ni gari lililosajiliwa hapa miaka mingi iliyopita, na kabla ya hapo lilikuwa na maisha mengine Japani. Milioni 7 inaweza kuwa bei halali kabisa, na shemeji anaweza kuwa mtunzaji kuliko mimi. Ukiona lazima, mwombe alipeleke mwenyewe kwenye gereji ambayo si ya fundi wake wala wako, akuletee majibu. Akikubali kwa moyo mweupe, hilo limeshakupa nusu ya jibu.

Kwa milioni 18 zako mimi ningefanya hivi. Nisingegusa mkopo. Ningetenga milioni 3 pembeni kabla ya kuanza kuangalia picha, na hizo hazina mjadala. Gari likitoka bandarini linataka oili zote zibadilishwe, plagi, filta, mara nyingi betri, na tairi zake za Japani zinaweza kuonekana zina meno kumbe ni nzee. Soma tarakimu nne ubavuni, mbili za mwisho ni mwaka. Kuna wakala wa forodha, bima, usajili, na mafuta ya kulileta Morogoro. Milioni 15 inayobaki ndiyo bajeti ya gari pamoja na kodi, na hapo unatafuta Passo au Vitz ya cc 996. Kama mfumo wa TRA unasema ya chini ya miaka 8 haiingii kwenye hiyo hela, shuka hadi kundi la miaka 8 hadi 10, ila usivuke 10. Spea zake zimejaa Gerezani na Ilala, na fundi yeyote wa Msamvu anazijua.

Ila kama kila wikendi unapanda Mgeta au Matombo na familia nzima na gunia la viazi, sahau Passo. Iko chini na injini ni ndogo. Tafuta Probox, sura yake haimvutii mtu lakini inabeba, na piga hesabu upya maana cc zake zinakuingiza kwenye ile asilimia 5.

Ukishapata la kukupendeza, weka humu karatasi ya mnada na makadirio ya TRA, ficha tarakimu za mwisho za chesesi. Usilipe kabla hatujaisoma.