Je, ni lazima tuwe mtu mmoja?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninauza vikwembe, yaani vitenge, katika soko la Kadutu, hapa Bukavu. Tangu utotoni, ndani yangu tuko wanne: mama wa hesabu, kijana mwenye hasira, mtoto wa miaka sita, na mimi ninayeandika. Mara nyingine mteja huja kulipa deni ambalo sikumbuki kumkopesha. Tumezoeana. Lakini munganga wetu, yaani daktari, ametaja kuungana, na tangu siku hiyo mtoto analia usiku, akidhani atauawa. Pasta naye anasema ni pepo, tufunge siku saba. Je, ni lazima tuungane?
Mama wa Kadutu

JIBU: Mama, nitawaandikia kwa wingi, kwa kuwa ndivyo mlivyojitambulisha.

Si lazima. Mwongozo wa matibabu ambao shirika la kimataifa la wataalamu wa hali hii, ya nafsi kadhaa kuishi ndani ya mtu mmoja, lilitoa mwaka 2011, ingawa unaona kuungana kabisa ndiko tokeo lililo imara zaidi, unakiri kwamba wapo wasioweza au wasiotaka kufika huko, na kwamba wao wanaweza kuishi vema kwa maelewano.

Nashuku kwamba neno moja limebeba mambo mawili. Kuyeyuka kuwa nafsi moja ni jambo la mwisho, ambalo wengine hulifikia baada ya miaka. Kabla yake iko kazi ndefu ya kufahamiana, nanyi mnaweza kuianza na hilo deni: wekeni daftari moja mezani, kila anayetoa kikwembe aandike amempa nani na kwa bei gani, na kila anayeshika zamu asome kwanza. Kijana naye aandike, hata kama ni matusi. Daftari likizoeleka, litapokea pia mambo mazito kuliko madeni.

Mtoto aambiwe waziwazi kwamba hakuna atakayefukuzwa. Mwongozo huohuo unawaonya waganga wasijaribu kumwondoa yeyote kati yenu. Ndiyo maana kukemewa kama pepo kunaweza kumtisha zaidi. Sala inayowatuliza iendelee, lakini msifunge siku saba, kwa kuwa njaa na kukosa usingizi huvuruga hata mtu aliye mzima.

Mkirudi kwa munganga, mwulizeni alikusudia kuungana kupi, na mtoto awepo akisikia jibu.