Mwanangu, umeniuliza kama inafanya kazi

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara nne. Unasema uvimbe kwenye mshipa wa sikio la kushoto umekua tena kwenye picha za mwezi huu, kwamba zile sindano za dawa ya bevacizumab zilizouzuia miaka yote hii sasa zimeshindwa, na kwamba siku watakayoutoa wanaweza kukuwekea kifaa cha kusikilizia kama changu papo hapo, kabla hawajakufunga kichwa. Halafu ukaandika: "Mama, nijibu bila kunizungusha. Inafanya kazi?"

Inafanya kazi. Ile mashine ya nje naivaa nikishamaliza sala ya alfajiri, naivua nikienda kulala, na ni hivyo tangu mwaka 2006. Ingekuwa haifanyi kazi ningekuwa nimeitupa kwenye kabati pamoja na zile shime sikio za mwanzo, za kukuzia sauti. Lakini nakujua, nimekuzaa mimi. Aliyeuliza kuhusu mashine ni ule mkono ulioandika. Wewe unataka kujua kama mwanao akikuita utamsikia.

Basi kabla sijafika huko nitalirudia neno langu ambalo wewe na baba yako mmelichoka: midomo kwanza. Anza sasa, wakati sikio la kushoto bado linakusaidia. Mimi nilingoja. Nilidhani kusoma midomo ni mambo ya viziwi, na mimi si kiziwi, mimi ninasikia kwa upande mmoja. Nikajikuta najifunza nikiwa na bandeji kichwani, uso umelegea upande wa kulia, machozi yanatoka jicho moja tu. Usifanye hivyo. Midomo kwanza.

Mama yako mdogo bado haelewi kwa nini mimi na wewe hatuwezi kuwekewa vile vifaa vya kawaida. Mwaka 2017 Muhimbili walipoanza kuwapandikizia watoto alinitumia habari ile akaandika, "Rudi dada, na sisi tunavyo." Nilifurahi hadi nikalia, kwa ajili ya wale watoto. Lakini vile vinaingizwa kwenye kikonokono cha ndani ya sikio, na kutoka pale lazima kuwe na mshipa wa fahamu wa kuipeleka sauti kwenye ubongo. Sisi uvimbe umeota kwenye mshipa huo huo, pande zote mbili. Wakiutoa, mara nyingi mshipa unakwenda nao. Ndiyo maana kwetu wanaliruka sikio zima. Kile walichoniwekea ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kina vituo 21 vya kupitishia umeme, na kimelazwa juu ya shina la ubongo, pale sauti inapopokelewa mara ya kwanza. Aliyeanza kuwekewa kitu cha namna hii ni mwanamke wa Los Angeles, mwaka 1979, mwenye ugonjwa wetu huu huu wa NF2, wa uvimbe kwenye mishipa ya fahamu. Huwa namfikiria. Yeye hakuwa na wa kumuuliza kama inafanya kazi.

Sasa ile siku ya kuiwasha. Ulikuwepo. Ulikuwa na miaka 14, umevaa sare, tulikuwa tumekutoa shule mchana. Baba yako alikuwa ameketi karibu na mlango na kofia yake magotini. Mimi nilikuwa na nyaya za kupima moyo kifuani, kwa sababu pale kilipolazwa kifaa ni jirani na mambo mengine ya mwili, na wakikosea kuwasha wanaweza kugusa yasiyowahusu. Walijaribu kituo kimoja kimoja. Cha kwanza, koo likaniwasha kama nimemeza pilipili. Cha pili, jicho likacheza. Kimoja kilinishtua mguu. Halafu kikaja kimoja kikafanya *ti*, kama tone la maji kwenye sufuria tupu, na nikainua mkono juu kama mtoto wa darasa la kwanza. Kati ya 21 walifunga tisa siku ile ile. Vilivyobaki 12 ndivyo ninavyoishi navyo.

Wakaviwasha vyote kwa pamoja. Baba yako akasema, "Assalaam alaykum." Midomo niliiona. Sauti ilikuwa mabati yanayoburutwa kwenye saruji. Nikamwitikia, na wote wakatabasamu, na mimi nikataka kuwaonyesha zaidi. Hapo ndipo nilipoharibu. Nyuma yangu pakatokea mkwaruzo, mfupi, mara mbili. Nikamgeukia yule mtaalamu kwa furaha kabisa nikamwambia, "Nimesikia, kuna mtu anavuta kiti!"

Nikaona uso wa baba yako.

Hakuna aliyevuta kiti. Ulikuwa wewe, umesimama nyuma ya bega langu, umesema "Mama."

Ulicheka. Ukaniambia haidhuru, ukaitamka polepole nikaisoma mdomoni: hai-dhu-ru. Kisha ukasema unakwenda kununua maji. Ulikaa nusu saa, na uliporudi hukuwa na maji. Hatujawahi kulizungumza, mwaka hata mmoja. Pengine wewe umeshalisahau. Baba yako anasema umelisahau. Mimi sijaamini.

Najua, najua: siku ya kwanza ubongo unapokea umeme mtupu, bado haujui la kuufanyia. Walituambia kabla, na wewe utaambiwa. Kwa hiyo sikuwa na kosa. Lakini ningeweza kuuliza, "Hiyo ni sauti gani?" na pasingekuwa na neno. Kilichoniponza ni haraka ya kutaka kuonekana nimepona. Na hapo hapo najiambia, wewe mwanamke, umetoka kwenye miezi miwili ya ukimya kabisa, unataka ungekuwa na busara gani? Nabishana hivi na nafsi yangu mpaka leo nikiwa naosha vyombo.

Baada ya hapo ilikuwa kazi. Kila usiku baba yako alinisomea, kwanza nikimtazama, kisha akijiziba mdomo kwa gazeti. Akijiziba kwa gazeti nilikuwa sipati kitu. Hata sasa, nikwambie kweli, mtu akizungumza nami gizani au amenipa mgongo napata vipande tu. Walio wengi wenye kifaa hiki wako hivyo, na wachache sana ndio wanaoweza kushika simu wakaongea. Mimi si katika hao wachache. Lakini akiliondoa gazeti, midomo na mashine vikikutana, namfuata mtu mpaka mwisho wa habari yake. Midomo peke yake ingenichosha kwa robo saa. Mashine peke yake ni kelele. Vikiwa viwili ni mazungumzo.

Hapa inabidi nilipunguze lile neno langu. Midomo kwanza, ndiyo, lakini Kiswahili chetu kina mtego. Simama mbele ya kioo useme *mama*, *baba*, *papa*. Umeona? Midomo inafanya kitu kimoja. Ukiwa na midomo tu, mtoto anaweza kuwa anakuita wewe au anamwita baba yake, hutajua. Mwanao alipokuja kukaa hapa wakati wa likizo, alikuwa akinivuta kanga na kusema neno ambalo mdomoni mwake lilikuwa moja siku nzima. Kumbe yalikuwa matatu: *bibi*, *mimi*, *pipi*. Nilichotofautishia ni mashine. *Mimi* inavuma, inajivuta. *Pipi* inapasuka mara mbili kama bisi kwenye sufuria. *Bibi* iko katikati, nzito kidogo. Sikumjua kwa sauti, sauti yake kwangu ni ile ile ya mabati, ya kila mtu. Lakini nilijua anataka nini, nikampa pipi, na alinitazama kama mtu aliyesikilizwa.

Kwa hiyo ukiniuliza kama utamsikia, nasema utasikia kwamba anaita. Kwamba ni yeye na si mtoto wa jirani, utalijua kwa kugeuka. Sauti yako wewe niliyonayo kichwani ni ya msichana wa miaka 14. Umekuwa mwanamke mzima, una watu chini yako kazini, na sijawahi kuisikia sauti unayowaamrishia. Hili linaniuma kuliko taarabu, na unajua taarabu ilikuwa nini kwangu. Fidla, ganuni, sauti ya mwimbaji inapopanda, vyote vimekuwa uji. Ngoma ndiyo imebaki. Mapigo yanapita salama kabisa kwenye mashine hii, na harusini nakaa karibu na wapiga ngoma, mabega yanakwenda yenyewe.

Na ni mapigo hayo hayo yaliyonipa siku yangu kubwa. Mwaka 2008, Tanga, nyumbani kwa bibi yako. Nilikuwa sebuleni nakunja nguo, mgongo nimeupa ua. Pakaanza sauti: kwaru, kwaru, kwaru, kimya kidogo, kwaru, kwaru, kwaru, kimya. Nikaacha nguo. Kile kimya kidogo ndicho kilichonifundisha. Ni mkono unazungusha kifuu. Nikasema kwa sauti, bila kugeuka, "Nani anakuna nazi?" Bibi yako aliyekuwa amekaa mbele yangu aliweka kikombe chini, akaweka viganja vyote viwili juu ya magoti, akanitazama tu. Kisha akapiga kelele kumwita mama yako mdogo, aliyetoka na mbuzi mkononi, machicha yamemwagika mpaka kwenye kanga. Tulikula wali wa nazi siku tatu mfululizo. Walikuwa wakinikunia nazi kila chumba ili nikisie.

Haya mengine nakuandikia kwa haraka kwa sababu hakuna atakayekwambia. Mimi sina sumaku ya kushikia mashine kichwani, waliitoa kwa ajili ya picha za MRI za kila mwaka, kwa hiyo naegesha kile kiduara cha nje kinachopeleka sauti ndani kwa kibandiko, na lazima ninyoe nywele pale, upana wa kikombe cha kahawa. Waulize vya sasa vikoje. Mtandio wa hariri ukipita juu ya maikrofoni ni ngurumo, vaa pamba nyepesi. Gizani utayumba, kwa sababu mishipa ya kusikia inaondoka pamoja na ile ya kukusimamisha sawa, basi weka taa kwenye ngazi. Utakuwa unapaza sauti bila kujua. Mama yako mdogo hunishusha kwa kiganja, hivi, kama anatuliza kuku. Na kuna watu Tanga walionisema nina majivuno, nimekaa Ulaya siku hizi siitikii salamu. Hao waliniliza zaidi ya upasuaji.

Kuna jambo sikutaka kuliandika. Mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu, ulianzia kwangu, na watu karibu nusu wenye ugonjwa huu ni hivyo, hawakurithi kwa mtu. Kwa watoto wangu ilikuwa nusu kwa nusu. Kaka yako ulimpita, wewe ukakuangukia. Ulipopata majibu ukiwa na miaka 16 ulinishika mkono ukasema, "Basi tutakuwa wawili." Mpaka leo sijapata jibu la kukurudishia. Habari za mjukuu wangu tutaongea uso kwa uso.

Unataka nikwambie uweke au usiweke. Hapa nilikuwa nimeandika neno moja. Nimelifuta, nikaliandika tena, baba yako akalisoma juu ya bega langu akanigusa mkono, nikalifuta. Anasema kichwa ni chako. Sawa. Mimi nasema ni chako, lakini nilikibeba mimi kwanza. Jambo ninalojiruhusu kulisema ni kwamba uvimbe utatolewa hata hivyo. Ukikataa kifaa hukwepi kisu. Halafu najijibu: lakini nami nisikusukume kwa sababu ya nazi moja ya Tanga. Kuna waliowekewa wakapata kizunguzungu na kelele, wakaivua na hawakuivaa tena. Nawafahamu wawili, na si watu wavivu. Haya, nanyamaza.

Alhamisi saa mbili usiku nipigie kwa video. Kaa uelekee taa, iwe mbele ya uso wako, si nyuma. Zima sauti upande wako kabisa. Nitasema maneno kumi, nawe uniandikie ulichokiona. Yale matatu ya mwanao yatakuwemo, na sitakwambia ni la ngapi.

Mama yako