Maswali na Majibu: Ndege Ikistaafu, Uliza Karatasi Zake

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza jambo moja: ndege kuukuu za abiria zinaishia wapi, na vitu vya ndani yake je? Nilikuwa fundi wa ndege miaka mingi kabla ya kushika kalamu, kwa hiyo nimechagua zile ninazoweza kuzijibu bila kubahatisha.

Shikamoo mzee. Nimeona picha za mamia ya ndege zimeegeshwa jangwani. Ndiko zinakotupwa? (Msomaji, Tabora)

Marahaba. Hazitupwi. Zinapelekwa kwenye hewa kavu ili kutu isizile wakati mwenyewe anaamua la kufanya. Ndiyo maana utazikuta Mojave na Victorville kule California, Pinal Airpark huko Arizona, Teruel nchini Hispania, na Alice Springs katikati ya Australia. Nyingi za kwenye hizo picha ni nzima kabisa. Mwaka 2020, Korona iliposimamisha safari, ndege ziliegeshwa huko kwa wingi, injini zimefungwa vifuniko na madirisha yamebandikwa karatasi za kung'aa kuzuia jua, na baadaye nyingi zikarudi kazini.

Zile zisizorudi hufunguliwa. Injini hutangulia, maana ndizo zenye sehemu kubwa ya thamani. Hufuata miguu ya magurudumu, kompyuta za chumba cha rubani, na ile injini ndogo ya mkiani inayowasha umeme ndege ikiwa chini. Ganda linalobaki hukatwa na mtambo wenye taya. Airbus walifanya majaribio Tarbes, Ufaransa, kati ya 2005 na 2007, wakaonyesha kwamba hadi asilimia 85 ya uzito wa ndege inaweza kutumika tena au kuyeyushwa.

Ndege inastaafu ikiwa na miaka mingapi? (Msomaji, Nakuru)

Wengi watakujibu 25. Mimi nakuomba uache kuhesabu miaka, uhesabu kupaa na kutua. Kila safari ganda linajazwa hewa na kupunguzwa, kama puto, na bati linachoka. Tarehe 28 Aprili 1988 Boeing 737 ya Aloha Airlines ilipasuka paa ikiwa angani Hawaii. Mhudumu mmoja alinyofolewa nje akafariki. Ndege hiyo ilikuwa na miaka 19 tu, lakini ilikuwa imeruka safari 89,680, nyingi za visiwa kwa visiwa, katika hewa ya chumvi. Sisi tunaovuka kutoka Dar kwenda Unguja kwa dakika 20 tuna sababu ya kuikumbuka habari hiyo. Ukisikia mtu anajisifu kwamba ndege yake bado ni changa, muulize imetua mara ngapi, na ilikuwa inalala wapi.

Kuna na upande wa pili. Airbus A380, ile ndege kubwa ya ghorofa mbili, ya kwanza kabisa kubeba abiria ilianza kazi Oktoba 2007, ikaacha 2017, ikaishia kufunguliwa Tarbes. Haikuwa mbovu. Hakupatikana wa kuichukua, na vipuri vyake vilikuwa na thamani kuliko ndege nzima.

Parachuti za abiria zinapelekwa wapi ndege ikikatwa? (Msomaji, Mwanza)

Ndege za abiria hazina parachuti za abiria. Hili nimeshalijibu mara tatu. Kilichoko chini ya kiti chako ni jaketi la kuelea majini. Msikilize mhudumu anapoeleza.

Mzee wangu, nafungua saluni, nataka viti vya ndege na yale makabati ya juu. Nitapata wapi kwa bei nafuu? (Msomaji, Kigamboni)

Mwanangu, viti vinapatikana. Mashirika hubadilisha viti hata ndege ikiwa bado inaruka, na vya zamani huuzwa. Ukinunua, kumbuka kwamba kiti cha ndege hakina miguu ya kusimamia mwenyewe. Kinakaa kwenye reli ya sakafuni, kwa hiyo utahitaji fundi wa kuchomelea fremu.

Nimeng'oa viti vingi. Ukivuta safu ya mwisho unakutana na ile reli imejaa uchafu wa miaka: karanga, sarafu, vifuniko vya kalamu, na mara moja tasbihi ya mbao, shanga zote 99, ambayo tuliifunga kwenye kitambaa tukampelekea imamu. Ukifika chini ya choo na jiko ndipo unapoona ndege inaozea wapi. Soda, chai na maji machafu hupenya taratibu mpaka kwenye mihimili ya sakafu, na bati linavimba na kubanduka tabaka kwa tabaka kama chapati.

Kuhusu makabati na paneli za juu ya kiti, hapo nakusihi usikilize. Kwenye ndege nyingi za safari fupi, barakoa ya oksijeni inalishwa na kopo dogo la kemikali lililofichwa juu ya kichwa chako. Ukivuta kamba, kopo linatoa oksijeni na joto kali mno. Mei 1996 makopo ya aina hiyo, yaliyotolewa kwenye ndege zilizokuwa karakana, yalipakiwa kama mzigo bila vifuniko vya usalama ndani ya ndege ya abiria ya shirika la ValuJet iliyotoka Miami, Marekani. Yakawaka. Watu wote 110 walikufa. Kwa hiyo usikubali paneli yoyote kabla haijafunguliwa mbele yako na kopo kutolewa na mtu anayelijua. Wateja wako watakaa chini yake na mashine ya kukaushia nywele.

Kama unachotaka ni ngozi tu, kuna mfano mzuri jirani. Mwaka 2014 Southwest Airlines ya Marekani ilibadilisha viti vyake ikabaki na ngozi ya kutosha kufunika ekari 43. Sehemu ililetwa Nairobi, vijana wakajifunza kazi kwayo, ikatoka viatu na mipira. Ngozi ile ilikuwa imeshikwa na mamilioni ya abiria na bado inashonekeka. Nasikitika kila nikiona nyenzo ya namna hiyo ikichomwa moto nyuma ya hanga.

Bati la ndege linafaa kwa sufuria? Kuna fundi ananiambia ni aluminiamu safi. (Msomaji, Morogoro)

Si safi. Bati la ndege huchanganywa na shaba au zinki ili liwe na nguvu, na rangi yake ya kwanza, ile ya kijani kibichi au njano, mara nyingi ina kromati, ambayo ni sumu. Sufuria zinazotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu zimeshapimwa katika nchi kadhaa za Afrika zikakutwa zinatoa madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwenye chakula. Hata vipande vizito vya kusawazisha mkia kwenye Boeing 747 za mwanzo vilikuwa vya urani. Ndege haipikiwi ugali.

Vipuri vilivyotolewa kwenye ndege iliyokufa ni salama kuwekwa kwenye ndege hai? (Msomaji, Kampala)

Ni salama, vikiwa na karatasi zake. Diski ya injini, yaani lile gurudumu la ndani linaloshika mapanga yanayozunguka, inaruhusiwa idadi fulani ya safari, na lazima ijulikane imetumia ngapi tangu siku ilipotoka kiwandani. Ukipoteza rekodi, diski inayong'aa kama mpya inakuwa chuma chakavu.

Wapo wanaojua hilo na kutengeneza karatasi. Septemba 1989 ndege ya Partnair, shirika la Norway, ilivunjika angani karibu na Denmark, watu wote 55 wakafa, na uchunguzi ukakuta bolti bandia mkiani. Mwaka 2023 ikagundulika kwamba kampuni ya London, AOG Technics, imeuza vipuri vya injini za ndege za aina ya CFM56 kwa hati za kughushi, na mashirika ya nchi mbalimbali yakalazimika kushusha injini. Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa pampu na muuzaji mmoja, ina lebo safi kabisa. Nilipoigeuza nikakuta namba imesagwa kwa tupa na kupigwa nyingine juu yake. Niliirudisha, na bosi wangu wa wakati ule hakufurahi, kwa sababu ndege ililala chini siku nne. Ningeirudisha tena leo.

Ile ndege iliyo ufukweni Entebbe ndiyo iliyotekwa 1976? (Msomaji, Bukoba)

Hapana. Ndege iliyotekwa, Airbus A300, ilirudishwa Air France ikaendelea kuruka.

Kijana wangu anataka kazi hii ya kufungua ndege. Aanzie wapi? (Msomaji, Tanga)

Aanze kwa kujifunza kuzifunga. Hapa kwetu kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, na Kenya wana chuo cha anga Nairobi. Apende fizikia, na awe na mwandiko unaosomeka, maana kila bolti atakayoigusa ataiandikia na kutia saini.