Kabla ya Kuilaumu Ligandi

Mara ya kwanza nilipotengeneza epoksidi (pete ndogo yenye oksijeni) ya geranioli, alkoholi yenye harufu ya waridi, kwa njia ya mkemia Sharpless, nilipata ziada ya enantioma ya asilimia 58, yaani tofauti kati ya sehemu za molekuli za mkono wa kulia na za kushoto, zinazofanana kama kitu na taswira yake kiooni, ilhali mmenyuko huo kwa kawaida huvuka 90. Kwa wiki mbili nzima niliilaumu ligandi, yaani molekuli inayoishika metali ya kichocheo na kuifanya ichague mkono: nikaagiza chupa mpya ya tartarati ya diethili, nikaikeneka ile ya zamani, na bado nikarudi pale pale. Kosa lilikuwa maji.

Ushauri wangu kwa anayeanza kazi hii ni kwamba, namba ikishuka, ajiulize kwanza ni wapi ndani ya chupa yake metali, hapa titani iliyo kichocheo, inafanya kazi bila ligandi. Tartarati hutokana na asidi ile ile inayoupa ukwaju uchachu wake, na mimea hutupatia umbo lake la mkono mmoja, kwa hiyo ni nadra tatizo kuanzia hapo. Titani isiyoshikwa na tartarati nayo huchochea mmenyuko, ila haichagui upande, na epoksidi inayotokana nayo huwa nusu ya mkono wa kulia na nusu ya kushoto. Kinachotuokoa ni kasi, kwa sababu changamano la titani na tartarati humenyuka upesi kuliko titani iliyo peke yake. Maji yakiingia, changamano huharibika na ile njia isiyochagua ikapata nafasi. Ndiyo maana matumizi ya titani kidogo, asilimia 5 hadi 10 ya moli za alkoholi, yalikuja kutegemewa baada ya maabara ya Sharpless kuonyesha, mwaka 1986, faida ya kuongeza zeolaiti ya kunyonya maji.

Zeolaiti ninayo, nilijiambia. Ilikuwa imekaa kabatini tangu ilipofunguliwa, nami nikaiona kavu kwa macho. Siku hizi huipasha moto zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, kwenye ombwe, usiku kucha, na huitumia siku hiyo hiyo. Haidroperoksidi, inayotoa oksijeni ya epoksidi, huitumia iliyoyeyushwa katika dekani, kiyeyusho kisicho na maji, si ile ya kwenye maji; na yeyote asithubutu kuikeneka wala kuimwagia asidi kali au chumvi za metali ikiwa haijazimuliwa, kwani inaweza kulipuka.

Tartarati iizidi titani kwa angalau sehemu moja ya kumi, ili pasibaki titani iliyo uchi. Changanya zeolaiti, tartarati na titani katika nyuzi 20 chini ya sifuri, ongeza haidroperoksidi, kisha subiri nusu saa kabla ya kudondosha geranioli. Nusu saa hiyo nilikuwa nikiiruka kwa haraka za ujana. Ndiyo inayolipatia changamano muda wa kujijenga.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia: tengeneza kwanza rasemati, yaani mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa mikono yote miwili, kwa mfano kwa kichocheo cha vanadi kisicho na ligandi kairali (yenye mkono mmoja), uipitishe kwenye safu kairali ya kromatografia, inayotenganisha mikono hiyo. Vilele viwili, kimoja kwa kila mkono, visipotengana vizuri na kulingana ukubwa, asilimia utakayosoma baadaye haina maana. Vyangu vilitengana vizuri, hivyo 79 kwa 21 ya mwanzo, yenye tofauti ya ile 58, ilikuwa ya kweli. Baada ya kukausha zeolaiti, kwa tartarati ya chupa ile ile ya zamani, nilisoma 96 kwa 4.