Maswali ya wasomaji: kuandika habari za vyuo vikuu bila kuwa msemaji wao

Tangu nigusie hapa kazi ya kuripoti elimu ya juu, barua zimekuja kwa wingi, nyingine za kutaka ajira, nyingine za kunisuta. Nimechagua hizi.

*Shikamoo. Nasoma uandishi wa habari Mwanza na nataka kubobea kwenye vyuo vikuu. Mhariri niliyefanya naye mazoezi anasema huko hakuna habari, ni mahafali na hotuba za mgeni rasmi. Nianzie wapi?*

Marahaba. Mhariri wako hakukosea sana: ukingoja barua ya mwaliko, utaandika mahafali mpaka ustaafu. Lakini kumbuka Mei 2016, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi walipoondolewa Chuo Kikuu cha Dodoma baada ya wahadhiri kugoma kuwafundisha. Nchi nzima ikabishana kama ni vilaza au si vilaza. Sisi waandishi tukaufuata ubishi huo, kwa sababu ni rahisi: unanukuu mmoja, unanukuu wa pili, ukurasa umejaa. Swali lenye habari lilikuwa jingine. Programu ile iliidhinishwa na nani, kwa vigezo gani vya kuingia, na fungu la kuwalipa walimu wake lilipangwa wapi? Majibu ya maswali kama hayo yapo kwenye makaratasi kabla mwanafunzi hajabeba begi.

Kwa hiyo jifunze kalenda ya makaratasi kabla hujajifunza majina ya makamu wakuu wa vyuo. Mwisho wa Machi Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti zake, na Aprili zinafika bungeni. Vyuo vya umma vimo. Bajeti ya Wizara ya Elimu inafuata, na humo mna fungu la mikopo. Kisha msimu wa udahili, na mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, unaotaja kila programu iliyoruhusiwa na sifa zake. Linganisha mwongozo wa mwaka huu na wa mwaka jana. Programu iliyotoweka ina hadithi. Julai 2017 TCU ilipovizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, wengi walishtuka, ilhali ukaguzi ulikuwa umepita vyuoni humo miezi kadhaa nyuma.

Ukinyimwa takwimu, usilalamike kwenye kundi la WhatsApp la waandishi. Andika ombi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 za kukujibu. Na kukaa kimya nako ni jibu unaloweza kuliandika.

*Chuo chetu kimepanda kwenye orodha ya Webometrics na magazeti yameandika kama ushindi. Wewe umekaa kimya. Una kinyongo nasi?*

Sina. Webometrics hutengenezwa na maabara ya utafiti ya Hispania mara mbili kwa mwaka, na nusu ya alama zake hutokana na viungo vinavyoelekea kwenye tovuti ya chuo kutoka tovuti nyingine. Sehemu kubwa ya zilizobaki ni machapisho yanayonukuliwa sana. Ni kipimo halali cha kuonekana mtandaoni, lakini hakuna anayeingia darasani kuhesabu viti. Nitaandika mkinipa takwimu za wahitimu wenu: wangapi waliulizwa kuhusu ajira, wangapi walijibu.

*Mimi ni mhadhiri, Morogoro. Boom likichelewa mnajazana getini. Sisi tukifundisha ukumbi uliofurika hamji. Kwa nini?*

Kwa sababu boom ni chakula, mheshimiwa. Posho ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022. Ikichelewa, kuna mtu halali vizuri. Ila lawama yako naipokea nusu. Nusu nyingine irudi kwenu: wahadhiri hunieleza mambo mazito kwa kirefu, halafu wanamalizia kwa “usinitaje”. Nipe ratiba na orodha ya wanafunzi waliojiandikisha, nitafanya hesabu bila jina lako.

*Nipo ofisi ya uhusiano ya chuo binafsi. Tukikualika utushauri kwa malipo, utaendelea kutuandika?*

Hapana, na mhariri wangu atajua kuanzia siku ninaposaini. Najua wenzangu wanaosema ushauri ni ushauri na habari ni habari. Mimi siamini. Ukishakaa mezani na menejimenti, ukajua wanavyohangaika na mishahara, utaanza kuwaonea huruma, na huruma hiyo itachagua maneno kwenye kichwa cha habari. Hilo lanitisha kuliko bahasha ya “nauli” baada ya mkutano, ambayo angalau unaiona inapokujia na unaweza kuirudisha.

Kuwafundisha maofisa wenu wajibu simu za waandishi, nitakuja bure.

*Mwanangu anataka kusomea udaktari nje. Wakala kaniomba ada ya kuanzia wiki hii, eti nafasi zinaisha. Nimwamini?*

Mama, usilipe wiki hii. Angalia kwanza kama wakala yumo kwenye orodha ya waliosajiliwa na TCU, kisha uliza TCU kama chuo chenyewe kinatambulika kwao, maana cheti cha nje hupita hapo kabla hakijakubalika nyumbani. Kwa udaktari kuna mlango wa pili: Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo halimsajili mtu kwa shahada peke yake. Waulize masharti ya mhitimu wa nje kabla ya kukata tiketi. Wakala akikasirika kwa sababu umeuliza, mwache aende na nafasi yake.