Usiihukumu Waterloo kwa kopi mbovu

Ndugu yangu, unasema filamu ya Waterloo ya 1970, ile ya vita vya mwisho vya Napoleon, ilikuchosha na vita yenyewe uliiona ndogo. Nakuamini, ila ulichotazama ni kopi iliyokatwa. Mwongozaji wake, Sergei Bondarchuk, aliipiga kwa picha pana mno, upana mara 2.35 ya kimo, na pale uwanjani walijipanga wanajeshi halisi wa Kisovieti wapatao 15,000. Kanda za video za zamani ziliibana iingie kwenye televisheni za wakati ule, zaidi ya theluthi ya picha ikatupwa pembeni. Chukua pale wapanda farasi wa Ney, jemadari wa Napoleon, wanapovamia vikosi vya Waingereza vilivyojipanga miraba: kamera iko juu angani, miraba imetapakaa uwanja mzima, farasi wanazunguka kati yake bila kupata pa kupenya. Kwenye kopi yangu ya kwanza niliona miraba miwili tu na vumbi la kahawia, nyuso za askari zimegeuka madoa. Iliniuma nilipokuja kuona picha kamili. Tafuta nakala yenye mistari myeusi juu na chini, uiangalie kwenye skrini kubwa. Na usiruke mwanzo, Rod Steiger, anayeigiza Napoleon, anapoagana na walinzi wake kwenye kasri la Fontainebleau, Ufaransa.